Kompyuta Isiyo na H

Siku kompyuta ile ilipowashwa nyumbani kwa mara ya kwanza, iliisalimia familia nzima kwa neno moja: abari.

"Abari?" mama mtu akauliza, kichwa kakiinamisha upande kama anavyowafanyia watoto anaowafundisha chekechea. "Abari ndiyo nini? Andika tena, mwanangu, polepole. Ha-ba-ri."

Binti yake akaandika tena. Abari. Akaibonyeza H kwa kidole cha shahada, akaibonyeza kwa gumba, akaibonyeza kwa hasira. Kitufe kilishuka na kupanda vizuri tu, kwa adabu zote, kama mtu anayeitikia "naam" halafu haendi kokote. Herufi haikutoka.

"Labda imechoka na safari," baba mtu akasema, akafunua ukurasa mwingine wa gazeti lake.

Binti huyu nyumbani walimwita Injinia. Cheo alikipata utotoni, siku alipoifufua redio iliyokufa kwa kuizaba kofi moja la haki. Hakikuwa na cheti wala mshahara, lakini alikivaa kama koti la sikukuu. Na kwa sababu ya koti hilo, ni yeye aliyezunguka nyumba ile miezi mitatu mizima akihubiri kompyuta. Simu, alisema, ni ya kupiga na kupigiwa. Kazi za watu wenye akili zao zinafanywa kwenye kompyuta. Alisema hivyo mezani, alisema hivyo jikoni, alisema hivyo hata kwa wageni waliokuja kuulizia mambo mengine kabisa. Mwisho akainunua, iliyotumika, kwa muuzaji mwenye ulimi wa asali na kaunta iliyojaa nyaya.

"Hii ni ya matumizi ya nyumbani, dada," muuzaji alimwambia huku akiifuta vumbi kwa mkono wa shati. "Kwa matumizi ya nyumbani, utanikumbuka."

Alimkumbuka kila siku. Betri ilikaa na moto dakika nne; ndiyo, lakini ni ya nyumbani, umeme si upo ukutani? Chaja haikushika mpaka waya wake uinuliwe kidogo, kwa hiyo kijiko cha chai kikaacha kazi ya chai kikaajiriwa kushikilia waya. Kioo hakikusimama chenyewe. Kiliegemea kopo la maziwa ya unga. Feni yake ilinguruma mpaka jirani akauliza kama wamenunua mashine ya kusaga. Kwenye matundu mawili ya kuchomekea vitu, moja lilikuwa pambo, na la pili lilikaliwa na kipanya, maana ile sehemu ya kupapasa kwa kidole nayo ilishastaafu. Na H haikuwepo.

Injinia alirudi dukani akiwa amebeba mzigo wake kifuani.

"H haifanyi kazi."

"Nyingine zote zinafanya?"

"Zinafanya."

"Sasa dada yangu, herufi zote hizo umepewa, moja tu ndiyo imekusumbua, na hiyo ndiyo unanijia nayo?" Akashusha sauti kama anayetoa siri ya ukoo. "Tena hiyo H, kuna watu hawaitamki kabisa, na wanaishi."

Injinia alitaka kumjibu, lakini jibu zuri lilimjia akiwa tayari amefika nyumbani, kama kawaida ya majibu mazuri.

Hata hivyo koti la uinjinia halivuliwi kirahisi. Ndani ya kompyuta alikuta mwaliko ambao mwenye kompyuta wa zamani aliusahau: mwaliko wa harusi, umejaa H tele, kubwa kwa ndogo. Akabuni utaratibu. Kwanza unaandika maneno yako yote bila H. Kisha unafungua mwaliko, unainakili H moja, unarudi kwenye maandishi yako na kuibandika kila neno linapoililia, moja baada ya moja, kama mtu anayepandikiza miche. Ikawa kila H iliyoandikwa katika nyumba ile imetoka kwenye harusi ya watu wasiowajua.

"Maharusi wenyewe wakija kudai H zao?" mama alimtania.

"Mama, kazi inafanyika au haifanyiki?"

"Inafanyika, mwanangu. Mwalimu amekuona." Akaitandikia kompyuta kitambaa alichofuma mwenyewe, kama alivyoitandikia redio na mtungi. Kompyuta ikapata joto, ikazimika.

Huo ulikuwa utani. Jambo lenyewe lilikuja wiki ya pili.

Baba yake Injinia alikuwa fundi mihuri. Alikuwa na chumba kimoja chini ya ngazi za jengo kubwa lenye ofisi ghorofa nne, chumba ambacho mtu mrefu akiingia anaomba radhi dari. Humo alikaa na meza, taa ya shingo ndefu, visu vyembamba kama njiti na vipande vya mpira. Alichonga herufi zikiwa zimegeuka, ili zikigongwa kwenye karatasi zitazame mbele. Watu walishuka ngazi mbio na karatasi zilizokataliwa kwa kukosa muhuri, wakapanda ngazi mbio na muhuri mkononi. Hakuwa na bango. Bango lake lilikuwa ngazi. Fundi yule angetolewa chini ya ngazi zile, hakuna mtu ambaye angemtafuta mtaa wa pili. Kila mtu angenunua muhuri wa kiwandani na kumsahau kabla wino haujakauka.

Kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kutoa muhuri uliokosa herufi, na siri yake ilikuwa kioo kidogo cha mkononi. Kila muhuri aliushika mbele ya kioo akausoma kuanzia herufi ya mwisho kurudi ya kwanza.

"Ukisoma kuanzia mbele," alikuwa akisema, "akili inakutangulia. Inakujazia kitu ambacho hakipo. Ukianzia nyuma, akili haijui unakwenda wapi, kwa hiyo inanyamaza, macho yanafanya kazi."

Basi jengo likapata meneja mpya, kijana wa tai nyembamba, na meneja akabandika tangazo kila mlango. Jengo linapangwa upya. Kila mpangaji ajibu kama ataondoka au atabaki, kwa barua pepe tu, kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. Majibu ya mdomo na ya karatasi hayatapokelewa. Jengo limeingia zama mpya.

Fundi alilibandua tangazo, akalikunja mara nne, akampelekea binti yake.

"Hiyo kompyuta yako imepata kazi," alisema. "Mwambie siondoki."

"Niandike tu 'siondoki', baba?"

"Kwani kuna la kuongeza?"

Injinia alicheka kwa huruma. Siondoki! Barua ya kwanza rasmi kutoka kwenye kompyuta yao iwe neno moja, kama mtoto anayekataa kuoga? Hapana. Hii ingekuwa barua yenye mabega. Angeandika kwa niaba, kama mwakilishi.

Ijumaa asubuhi baba akaenda kazini, na Injinia akakaa mezani. Kijiko mahali pake, kopo mahali pake. Akaandika aya nzuri, ya kwanza katika maisha yake iliyomfanya ajipongeze kwa sauti, na alipofika katikati kijiko kikateleza, waya ukalala, na kioo kikawa cheusi.

"Wewe!" aliiambia. "Wewe kitu! Dakika nne zako ziko wapi?"

"Unaongea na nani?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Na ukoo wa muuzaji!"

Akaanza upya. Mara ya pili kompyuta ilitaka kujisasisha, ikamwomba asiizime, ikazungusha kigurudumu chake robo saa huku yeye akiitazama kwa macho ya mtu anayefikiria dirisha na umbali wake kutoka chini. Mara ya tatu aliandika haraka, akiihifadhi kila sentensi kama mtu anayeficha vitu kabla mgeni hajaingia. Saa tano na nusu maneno yalikuwa yote yamesimama, ila yana mapengo:

Abari za kazi. Naandika kwa niaba ya fundi miuri wa cumba kilico cini ya ngazi. Fundi ataondoka. Amekuwa katika cumba ico kwa miaka isirini na sita, na anawasukuru wote kwa usirikiano na esima mliyompa.

Akafungua mwaliko wa harusi, akanakili, akaanza kupanda. Abari ikapata H yake ikawa na adabu. Miuri ikawa mihuri. Cumba, kilico na cini, yale maneno matatu yaliyokuwa yamekaa kama vibogoyo kwenye benchi, yakapata meno. Ico ikachukua H mbili. Feni ilinguruma. Kidole kilikuwa kimekufa ganzi kwenye kipanya. Isirini. Anawasukuru. Usirikiano. Esima, hii nayo H mbili. Kila alipoona neno lenye pengo alilijaza, na alipomaliza akaisoma barua yote kuanzia mbele, haraka, na hakuona pengo popote. Zilihitajika H kumi na nne. Alikuwa amepanda kumi na tatu.

Saa sita kasoro dakika tano, barua ikaenda. Injinia akainua mikono juu kama mchezaji aliyefunga bao.

"Umesoma vizuri?" mama akauliza, akifuta mikono.

"Mama, mimi si chekechea."

Jumatatu baba alisahau miwani yake nyumbani, na Injinia akampelekea. Alipoinama kuingia chini ya ngazi, alimkuta kijana mwenye kofia amepiga magoti akivuta futi ya kupimia kutoka ukuta hadi ukuta. Begani amening'iniza makava ya simu, kama samaki kwenye kamba. Baba yake amekaa palepale mezani, miguu ameinyanyua ili futi ipite.

"Tisa," kijana akasema. "Tisa kamili. Mzee, na hii meza utaondoka nayo?"

"Nani anaondoka?" Injinia akauliza.

"Mzee. Mimi ndiye ninayeingia." Akanyoosha mkono wa kusalimia. "Makava ya simu, vioo vya simu, vishikio. Dada, simu yako aina gani?"

Injinia hakuushika mkono. "Baba, huyu ni nani?"

"Anasema ni mrithi wangu," baba akajibu taratibu. "Anasema mimi nimemwandikia meneja kwamba ninaondoka. Nimekuwa nikimngoja mwandishi wangu aje anieleze."

Walipanda ghorofa ya pili wote watatu, futi ikiwafuata nyuma maana kijana hakuikunja vizuri. Meneja aliinuka kuwapokea. Kwa mtu wa zama mpya, alikuwa na faili nene: barua pepe zote alikuwa amezichapisha kwenye karatasi na kuzitoboa matundu.

"Fundi wetu!" alisema. "Karibu mzee. Barua yako ilitugusa sana. Tumechanga hapa ofisini tukakununulia saa ya ukutani."

Na kweli saa ilikuwepo, imefungwa kwa utepe.

"Mheshimiwa, baba haondoki," Injinia alisema. "Niliandika haondoki."

"Uliandika ataondoka."

"Niliandika hataondoka!"

Meneja akageuza faili, akaweka kidole. Injinia akasoma. Neno lilikuwa limesimama pale katikati ya barua, zima, safi, halina pengo hata moja. Fundi ataondoka. Siku ile ya kupanda H, cini ilionekana ina kasoro, esima ilionekana ina kasoro, lakini hili jambazi lilikuwa limevaa nguo kamili. Lingepita mbele ya mwalimu, mbele ya hakimu, mbele ya mtu yeyote anayesoma kuanzia mbele. Na sentensi iliyofuata, ile aliyojipongeza nayo, ikamalizia kazi: amekuwa hapa miaka yote hiyo na anawashukuru wote. Hata yeye mwenyewe alisikia mtu anaaga.

"Ni kompyuta," alisema. "Haina H."

Meneja akaipitia karatasi kwa kidole. "Mbona hapa H ziko tele? Hii moja, hii mbili, hii..."

"Hizo ni za harusi!"

Kijana wa makava akamtazama meneja. Meneja akaitazama saa yenye utepe. Injinia akaanza kueleza, mwaliko, kunakili, kubandika, kijiko, kopo la maziwa, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kufanana na mtu anayehitaji kupewa maji na kiti.

"Ulisoma kuanzia wapi?" baba yake akauliza.

Injinia akalifunika neno lile kwa kidole.

"Mimi nilisema 'siondoki'," baba akaongeza, bila kupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Neno moja. Kwenye 'siondoki' kuna H?"

Hakuna. Injinia alilipitisha neno kichwani mara tatu, akitafuta H hata ya kusingiziwa. Hakuna.

"Naomba nikuandikie barua nyingine sasa hivi," alimwambia meneja.

"Muda umepita, dada. Na ndugu yetu hapa ameshasaini."

"Nimeshasaini," kijana wa makava akaunga mkono, ingawa kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. "Mwenzenu nimeshaagiza hata rafu."

Fundi akaomba dakika kumi, akashuka. Walimsikia akihesabu ngazi kwa miguu. Aliporudi alikuwa na kipande cha mpira kwenye ncha ya kijiti, kidogo kama punje ya mchele, na kidau chake cha wino.

"H ndiyo herufi yangu rahisi," alisema akiinama juu ya faili. "Haigeuki. Ukiitazama mbele ni H, ukiitazama kwenye kioo ni H." Akakilowesha kijiti, akaishusha H mbele ya neno ataondoka, imenyooka, nyeusi, kana kwamba ilizaliwa pale. Chini yake akatia sahihi. "Sasa soma."

"Mzee, hiyo ni karatasi," meneja akasema. "Nilisema karatasi hazipokelewi."

"Karatasi ni yako. Umeichapisha wewe. Mimi nimeisahihisha." Kisha, kama aliyekumbuka jambo dogo: "Huo mkataba wa kijana uliosainiwa, umeshagongwa muhuri wa jengo?"

Meneja akafungua droo, akafunga. "Bado. Muhuri ulichakaa. Tulikuwa tumeagiza..." Akaifungua droo tena.

"Uliniagiza mimi," fundi akasema. "Alhamisi. Uko chini mezani, bado sijausoma kwenye kioo. Na leo macho hayana haraka."

Injinia alitaka kushangilia, lakini kijana wa makava hakuwa mtu mbaya, na sura yake ilikuwa imeanguka mpaka kwenye kamba ya makava. Rafu zimeshaagizwa. Aliivuta futi yake, akaitazama, akaisoma kama anayetafuta ushauri.

"Tisa," alisema. "Nne na nusu, nne na nusu. Mzee, si tutabanana tu?"

Wakabishana mpaka chai ya saa nne ikapita. Mwisho meneja akaandika mikataba miwili, nusu kwa nusu, na fundi akashuka kwenda kuusoma ule muhuri, taratibu, kuanzia nyuma. Saa ya ukutani walimpa vilevile, maana duka lisingeirudisha. Ikatundikwa katikati, mpakani.

Ikawa hivyo. Fundi mihuri alibaki chini ya ngazi zake, na upande wa kulia wa meza yake yakaning'inia makava ya simu ya rangi zote, yakimgusa kiwiko kila anapochonga. Jirani yake alipiga muziki kutwa nzima ili wateja wajue yuko hai, na kila mtu aliyeshuka ngazi mbio na karatasi aliulizwa kwanza simu yake ni aina gani. Baba mtu hakulalamika hata siku moja. Alianza tu kurudi nyumbani akiwa ameshika kiwiko.

Injinia ndiye aliyelalamika, kwa niaba, kama mwakilishi. Aliilalamikia kompyuta, chaja, kijiko, kopo, muuzaji na maharusi. Jumamosi moja, mchana, alikuwa mezani akiifuta vumbi kwa nguvu zaidi ya zinazohitajika na vumbi, akirudia kwa mara ya mia kwamba kwa kompyuta isiyo na H hakukuwa na namna nyingine ya kuiandika ile barua.

Mama alikuwa anakata karatasi za rangi kwa ajili ya watoto wake wa Jumatatu. Hakuinua kichwa.

"Si ungeandika 'anabaki'?"

Mkono wa Injinia ukasimama juu ya kibodi.

"Nini?"

"Anabaki. Fundi anabaki. Watoto wangu wanaiandika mwezi wa tatu."

Injinia alivuta kiti. Akaweka kijiko mahali pake, akainua kioo kwenye kopo, akangoja feni imalize kunguruma. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja. A. N. A. B. A. K. I. Zote zikatoka, mara ya kwanza, bila shida, bila harusi ya mtu.

Kisha, kwa kuwa sasa amejifunza, akaliwekea neno lile kidole mwishoni, akalisoma kama baba yake, kuanzia nyuma, herufi moja moja, mpaka mwanzo.

Ikabana.